Mashariki ya Fundi Mihuri

Kila Jumapili saa moja na nusu jioni, fundi mihuri alikaa kitako kuwatukana watu wasiomsikia. Kiti chake cha kazi hiyo kilikuwa cha mbao, na mto wake wa rangi ya kahawia ulikwisha kubonyea katikati. Alikiweka hatua tatu kutoka kwenye televisheni. Kwa hatua mbili macho yangemuuma, na kwa hatua nne matusi yangepungua makali. Kipindi kiliitwa Sema Kama Unajua. Mtangazaji wake alikuwa kijana wa suti inayometameta, mwenye meno mengi kuliko yanayohitajika. Aliuliza maswali, washiriki wakajikuna vichwa, wakatazama dari, wakakosa, na fundi mihuri akafurahi kuliko wote waliowahi kushinda.

"Yaani huyu! Kaulizwa juma lina siku ngapi, anahesabu vidole! Na vidole vyenyewe vinampotea!"

"Labda ana woga," mkewe alisema kutoka mezani alikokuwa akipiga pasi.

"Woga wa nini? Siku saba zinauma?"

Mkewe hakujibu. Walikuwa wameoana miaka ishirini na saba, na alishajua ni maneno gani ya mumewe yanahitaji jibu. Hayakuwa mengi.

Tusimwonee lakini. Mtu huyu alikuwa na kazi, na kazi yake aliijua barabara. Kwa miaka thelathini na moja alichonga mihuri kwa mkono katika chumba chembamba karibu na ofisi za serikali, ubavuni mwa duka la fotokopi. Chumba kilikuwa na benchi moja, taa ya kuinamisha, vipande vya mpira mwekundu, na visu sita ambavyo hakumruhusu mtu kuvishika, hata kwa kuvisifia. Mihuri ya mashine ilikuwa imeshafika mjini, ya haraka, inayojipaka wino yenyewe. Hata hivyo makarani wa zamani waliendelea kuja kwake, maana muhuri wake ulidumu, na ukigonga karatasi, hata karatasi ilijua imegongwa.

Muhuri huchongwa kinyume. Kila neno huandikwa kwenye mpira kutoka kulia kwenda kushoto, kila herufi imegeuza uso, ili likigongwa litoke sawa. Mtu wa kawaida akiutazama mpira huo huona kizunguzungu. Fundi mihuri aliusoma kama wewe unavyosoma gazeti. Karatasi ya majaribio aliitazama ili aone kama wino umekaa vizuri tu. Kuisoma hakuhitaji, alikuwa ameshasoma kwenye mpira. Humo alisoma majina ya hospitali, ya mahakama, ya shule na ya idara za mifugo. Kila mwaka pia, mpira ukichakaa, alichonga upya muhuri wa ofisi ya upimaji ardhi, ule wenye mshale wa kaskazini katikati na pande nne za dunia zikiuzunguka. Kutokana na hayo yote alihitimisha kwamba anajua kila kitu.

"Hakuna ofisi nchi hii ambayo sijaichonga," alipenda kusema. Watu walipenda kumsikia akisema hivyo, mara ya kwanza.

Kulikuwa na kiti cha pili katika sebule ile, kifupi, chenye mguu uliofungwa kwa waya. Kilikuwa cha mdogo wa mkewe, fundi viatu, kaka pekee ambaye mama huyo alikuwa naye duniani. Zamani kila Jumapili alikuja, akakaa kwenye kiti kile, akanywa chai, akacheka na dada yake mambo ya utotoni ambayo fundi mihuri hakuyaelewa na wala hakuombwa ayaelewe. Sasa kiti kilifunikwa kitambaa cheupe, na fundi mihuri alishakatazwa kuweka hata gazeti juu yake.

Kisa chenyewe ni hiki. Miaka miwili nyuma, fundi viatu aliitwa kwenye kipindi. Alijibu la kwanza, akajibu la pili, na katika swali la tatu akaulizwa buibui ana miguu mingapi. Akafikiri kidogo, akasema kwa utulivu kabisa, "Sita."

Fundi mihuri alicheka mpaka mkewe akamletea maji. Kama angeishia hapo, dunia ingeendelea. Lakini mtu mwenye visu sita na mpira mkononi haishii hapo. Alichonga muhuri. Alichonga buibui mnene mwenye miguu sita, na chini yake maneno MIGUU SITA, kazi safi, labda safi kuliko zote alizowahi kufanya. Siku ya pili akaenda kwenye kibanda cha shemeji yake, na mwenyewe alipotoka kidogo, akagonga mifuko yote ya karatasi ambayo wateja hukabidhiwa viatu vyao. Fundi viatu aliitumia mifuko thelathini kabla ya kugundua. Kufikia Jumatano mtaa mzima ulimwita Miguu Sita, na wengine hawakulijua tena jina lake la kweli.

Fundi viatu hakugombana na mtu. Aliacha tu kuja Jumapili.

"Hana utani," fundi mihuri alijitetea wiki ya kwanza. Wiki ya pili akasema ana hasira za bure. Wiki ya kumi hakusema kitu. Mkewe alikuwa akienda kibandani peke yake, akirudi na macho mazito, akipiga pasi nguo ambazo zilishapigwa.

Halafu ikaja barua. Fundi mihuri alikuwa amejaza fomu ya kipindi, kwa maelezo yake mwenyewe, ili nchi ione swali linavyojibiwa, na sasa alitakiwa studio siku ya Jumatano. Alishonesha suruali mpya. Aliwaaga makarani mmoja mmoja, kana kwamba anakwenda kutawala mahali.

Asubuhi ya safari mkewe alimfunga kifungo cha shingo, akamshika ukosi asiondoke.

"Ile fomu yako uliacha nafasi moja wazi," alisema. "Ndugu wa kupigiwa simu ukikwama."

"Sitakwama."

"Nilimwandika mdogo wangu. Nilimwomba siku tatu, mwenzangu, na mwishowe amekubali. Leo atakaa na simu kutwa nzima. Mpigie swali moja tu. Hata kama jibu unalijua. Mpigie watu wasikie unamwita shemeji."

"Nitaona."

"Usione. Piga."

Alikuwa hajamwomba kitu kwa muda mrefu. Fundi mihuri alijua hilo, na akiwa njiani alikubaliana na nafsi yake kwamba atapiga. Labda swali la tano, au la sita, atakapokuwa ameshawaonyesha.

Studio ilikuwa ndogo kuliko ilivyoonekana kwenye televisheni, na yenye joto. Msichana mmoja alimpaka poda puani. Akapandishwa kwenye kiti kirefu, miguu ikaning'inia, na hilo peke yake lilimkera, maana hakupenda kuning'inia. Watazamaji mia mbili walipiga makofi walipoambiwa wapige. Mtangazaji akamsalimia kwa heshima, akamwita mzee wangu, akamuuliza kazi yake.

"Nachonga mihuri. Hakuna ofisi nchi hii ambayo sijaichonga."

Watu wakacheka kwa wema. Akawapenda.

Swali la kwanza katika kipindi kile huwa la kumkaribisha mgeni. Fundi mihuri mwenyewe aliliita swali la peremende, na aliwahi kusema kwamba mtu akilikosa hilo arudishwe tumboni.

"Ukiitazama ramani ya kawaida," mtangazaji alisema, "kaskazini ikiwa juu, mashariki iko upande gani? Kulia, au kushoto?"

Fundi mihuri alicheka kwa sauti. Alifumba macho kidogo kama afanyavyo benchini, na muhuri wa ofisi ya ardhi ukamjia wote kama ulivyo, mwekundu, umelala chini ya taa. Mshale juu. Kusini chini. Na upande wa kushoto, kwa herufi ndogo alizozichonga mara thelathini na moja, mashariki.

"Kushoto," alisema.

Mtangazaji, ambaye moyo wake haukuwa mbaya, alitazama kadi yake, akamtazama tena mzee.

"Una uhakika, mzee wangu? Unao msaada wa simu. Hapa naona ameandikwa shemeji yako, fundi viatu. Tumpigie?"

Hapo fundi mihuri alimkumbuka mkewe. Alimkumbuka vizuri kabisa, mpaka mkono wake kwenye ukosi. Tusije tukasema alisahau. Lakini watu mia mbili walikuwa wakimtazama, wamekwisha kucheka mara moja kwa ajili yake, na mdomo wake haukuwa na breki.

"Nimpigie Miguu Sita?" alisema. "Yule aliyeshindwa kuhesabu miguu ya buibui? Yeye ndiye angefaa kunipigia mimi! Kijana, andika kushoto, tuendelee."

Watu walivunjika mbavu. Kicheko kilikuwa bado hakijaisha kengele ilipolia, ile kengele nzito aliyoifurahia Jumapili nyingi, na kwa sekunde nzima akatafuta kwa macho ni nani aliyekosa.

"Mashariki ni kulia, mzee wangu. Pole sana."

"Kulia kwa nani?" aliuliza.

Msichana wa poda alimsaidia kushuka, akampa kofia yenye jina la kipindi, akamsainisha karatasi kwamba hatasema matokeo mpaka yatangazwe Jumapili. Karatasi ilikuwa imegongwa muhuri. Muhuri wa mashine, aliona, na kingo zake mbaya.

Njia nzima alibishana nao moyoni. Wamekosea, ataandika barua. Alipofika mjini alipitia ofisi ya ardhi, ambako tangazo lilikuwa limebandikwa mlangoni na kugongwa kwa mkono wake mwenyewe, akasogea mpaka pua ikagusa karatasi. Mashariki ilikuwa kulia. Kulia kabisa, haina hata haya. Kwa miaka thelathini na moja alikuwa akiitengeneza dunia kwenye mpira na kuwaachia wengine karatasi, wala hakuwahi kuiangalia ikiwa imegeuka. Alisimama pale hadi mlinzi akamuuliza kama ana shida.

Mkewe alikuwa mlangoni.

"Simu haikulia," alisema. "Amekaa nayo tangu asubuhi. Hata chooni aliingia nayo! Basi maswali yalikuwa mepesi."

"Yalikuwa mepesi," fundi mihuri alisema, na katika neno hilo hakukuwa na uongo hata kidogo.

"Nilitaka umpigie, lakini basi, si kosa lako kama hukukwama. Nimemwambia aje Jumapili tutazame pamoja. Nikamwambia, umetajwa kwenye fomu, wewe ni mtu wa kipindi, uje." Aliingia ndani, akakivua kile kiti kitambaa chake cheupe, akakitia kwenye beseni la kufulia. "Amesema atakuja. Miaka miwili, mwenzangu. Amesema atakuja."

Hapo ndipo fundi mihuri alipouelewa mtego aliojitegea. Jumapili shemeji yake atakaa kwenye kiti kile, mbele ya dada yake, na atajisikia akitukanwa nchi nzima na mtu aliyemngojea na simu mkononi. Kukosa swali sasa kulionekana kitu kidogo. Akitoka kwenye kiti kile safari hii hatarudi, na mkewe atakaa na kiti kitupu mpaka uzeeni, akijua ni nani aliyekiacha wazi.

Alhamisi mtaa ulimpongeza. Ukimya wake waliuona ni wa mtu aliyeshinda, kwa sababu hakuna aliyewahi kumsikia kimya. Karani mmoja alimwita bosi. Siku hiyo hiyo, kwa mara ya kwanza maishani, alichonga muhuri wa mwalimu mkuu bila kuugeuza, na ulipogongwa jina zima la shule likatoka kinyumenyume. Ijumaa, mkewe alipotoka kwenda sokoni, alipanda kwenye stuli akaufungua waya wa antena nyuma ya televisheni na kuuficha ndani ya soksi. Mkewe aliporudi, aliona chenga kwenye kioo, akachukua kisu cha jikoni na kipande cha waya wa pasi ya zamani, na katika dakika tano picha ikarudi, safi kuliko mwanzo.

"Umejifunzia wapi?" fundi mihuri aliuliza, ameduwaa.

"Nani umedhani anaitengeneza miaka yote hii?"

Hilo pia alikuwa halijui.

Jumamosi akajikaza, akaenda kibandani.

Fundi viatu alikuwa na kiatu cha mwanamke magotini, akikishona soli. Alimsogezea shemeji yake kigoda. Kibanda kilinuka gundi na ngozi. Mifuko ya karatasi ilikuwa imepangwa pembeni, mipya, myeupe.

"Shemeji," fundi mihuri alianza, akakohoa. "Nimekosa. Swali la kwanza."

Sindano ikasimama. "La kwanza?"

"La peremende."

Fundi viatu alishusha kichwa, mabega yakatikisika kidogo, na fundi mihuri akamwachia acheke, maana ilikuwa haki yake. Halafu akasema lililobaki. Alilisema lote, neno kwa neno, pamoja na kicheko cha watu. Alipomaliza, mabega ya shemeji yake yalikuwa yametulia kabisa.

"Mbele ya watu wangapi?"

"Mia mbili. Kesho ni nchi nzima."

Fundi viatu aliweka kiatu chini. Akafungua droo ya misumari, akatoa karatasi iliyokunjwa, akampa. Ilikuwa imeandikwa pande zote mbili kwa kalamu ya risasi: miji mikuu, mito mirefu, milima, majina ya sayari, mifupa ya mwili. Mwishoni kabisa, peke yake, amepigia mstari: buibui, minane.

"Nilijiandaa," alisema. "Wiki nzima. Nilisema asije akanipigia nikamwaibisha."

Fundi mihuri aliisoma karatasi yote, maana hakuweza kuinua macho. Alijua kusema vitu vingi, na hakuna hata kimoja kilichofaa pale.

"Ulijibuje hilo la peremende?" fundi viatu aliuliza.

Akamweleza. Akamweleza mpira mwekundu, mshale, na upande wa kushoto, na jinsi alivyofumba macho akaona kabisa.

"Kwa hiyo uliiona."

"Kwa macho yangu."

"Umewahi kuniuliza kwa nini nilisema sita?"

Fundi mihuri akatafuta kichwani, miaka miwili yote. "Hapana."

Fundi viatu aliinua sindano kuelekea kona ya dari, juu ya rafu ya visigino. Hapakuwa na kitu ila utando wa zamani uliojaa vumbi. "Pale alikaa mmoja. Kila asubuhi nikifungua, mimi na yeye tunatazamana. Nimemhesabu mara ngapi sijui, wateja wakichelewa. Sita. Miwili ilikatika wapi, hakunisimulia. Alikufa mwaka jana."

Fundi mihuri alitia mkono mfukoni, akatoa muhuri wa buibui, akauweka juu ya mifuko myeupe. Alikuwa ameutunza miaka miwili kwenye kitambaa laini, kwa sababu ilikuwa kazi nzuri.

"Ukate, uuchome, utakavyo," alisema. "Kesho utakuja?"

"Nenda nyumbani, shemeji. Nina viatu vya watu hapa."

Jumapili saa moja na robo kiti kifupi kilikuwa wazi, kimepanguswa, na meza ina vikombe vitatu. Saa moja na nusu muziki wa kipindi ulianza na kiti kilikuwa bado wazi. Mkewe alikuwa akitazama mlango badala ya televisheni. Fundi mihuri hakuweza kutazama chochote kati ya hivyo viwili, akatazama magoti yake.

"Hodi," sauti ilisema.

Fundi viatu aliingia amevaa shati jeupe. Alimkumbatia dada yake, akampa shemeji yake mkono bila kumtazama usoni, akakaa. Kiti kililia kidogo kwenye waya. Wala chai hakuigusa. Alikuja kama mtu aliyeitwa kusikiliza hukumu, mikono magotini.

Mshiriki wa kwanza akapita, na wa pili. Halafu kwenye kioo ikatokea suruali mpya inayoning'inia.

"Ndiye!" mkewe alipiga makofi.

Mtangazaji aliuliza. Fundi mihuri wa kwenye kioo akacheka, akafumba macho. "Kushoto," akasema, na papo hapo kengele ikalia, mtangazaji akasema pole sana, na likaja tangazo la sabuni. Yote hayakufika nusu dakika. Ile ofa ya simu, jina, buibui, kicheko cha watu mia mbili, vyote vilikuwa vimekatwa, maana kipindi ni cha saa moja na sabuni nayo inataka nafasi.

"Kushoto?" mkewe alisema polepole. "Mwenzangu. Mashariki?"

Fundi viatu alikuwa amemgeukia shemeji yake. Sasa alimtazama usoni.

"Sijasikia ulichoniambia," alisema kwa sauti ya chini.

"Wamekata."

"Kwa hiyo ungenyamaza tu, nisingejua maisha yangu yote."

"Ndiyo."

"Alikwambia nini?" mkewe aliuliza. "Anyamazie nini?"

Fundi mihuri alifungua mdomo kujibu, akiwa tayari kwa lolote. Fundi viatu akamtangulia.

"Hakuna kitu, dada. Jana alipita kibandani tukaongea habari za buibui." Kisha akatia mkono kwenye mfuko wa shati, akatoa muhuri uliofungwa kwa karatasi, akaufungua. Ulikuwa umepakwa rangi nyeusi ya viatu, ile ngumu. Akaushika mkono wa shemeji yake, akaulaza gotini, akaugonga nyuma ya kiganja kwa nguvu zote. Buibui alitoka safi, mnene, miguu yote sita. Rangi ya viatu haitoki kwa sabuni hata juma zima, na wote wawili walilijua hilo. Kisha fundi viatu akachukua kikombe, akanywa chai.

Kwenye televisheni alikuwa amepandishwa mwingine, mwanamume wa makamo mwenye tai. Mtangazaji akamuuliza pembetatu ina pembe ngapi.

Mwanamume alitazama dari. "Nne," akasema.

Mdomo wa fundi mihuri ulifunguka wenyewe, kwa mazoea ya miaka, na akauziba haraka kwa mkono wenye buibui. Aliapa moyoni hatasema. Machozi ya kujizuia yakamlengalenga.

"Nne!" fundi viatu alipasuka, akapiga goti mpaka chai ikamwagika. "Yaani huyu! Wamemwambia kabisa ni tatu, nne kaitoa wapi? Mtu mzima, na tai!"

"Pengine kuna mahali aliiona," fundi mihuri alisema kutoka nyuma ya mkono wake, na hapo wote wawili wakashindwa, wakacheka hadi hawakusikia swali lililofuata.

Mkewe hakucheka nao. Alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni, ameshika kile kitambaa cheupe cha kiti, akifuta macho nacho. Mdogo wake alipomuuliza ana nini, akasema ni moshi, ingawa jiko lao lilikuwa la umeme.